Visu vya Matangazo: Jinsi ya Kuvisoma, Kuvitunza na Kufuatilia Mji Vilikotoka

Kisu cha matangazo ni kisu kidogo cha kukunja ambacho mfanyabiashara aliagiza kwa wingi, jina la biashara yake likatiwa kwenye mpini, kisha akawagawia wateja bure. Nchini Marekani desturi hii ilishamiri kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na ikaendelea hadi miaka ya 1970. Viwanda vya bia vilivigawa, na vivyo hivyo mabenki, maduka ya chakula cha mifugo, wauza mbegu, wauza makaa ya mawe, mawakala wa bima na wenye huduma za mazishi. Vingi vina urefu wa sentimita 7 hadi 8 vikiwa vimekunjwa, na ubapa mmoja au miwili.

Mkusanyaji wa visu vya kawaida hutazama kwanza chuma: nani alikifua, kimelika kiasi gani. Katika visu hivi utajiri uko kwenye maneno. Jina la duka, jina la mji na tarakimu tatu za simu vinaweza kukurudisha kwenye jengo fulani, mtaa fulani, na familia iliyoishi juu ya duka hilo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga kuyalinda maneno hayo kwanza.

Unapochagua cha kununua

Visu hivi hupatikana kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, minada ya mashambani, maduka ya vitu vya kale na minada ya mtandaoni. Mtandaoni, usitafute neno "kisu" peke yake. Tafuta jina la mji unaoufuatilia pamoja na aina ya biashara. Wauzaji wengi hunakili maandishi ya mpini kwenye maelezo bila kujua ni ya nini.

Kabla ya kulipa, omba picha za mambo manne: mpini pande zote mbili, kisu kikiwa wazi kabisa, mhuri ulio kwenye shina la ubapa (ile sehemu nene isiyo na makali pale ubapa unapoingia mpinini) kwa pande zote mbili, na mgongo wa kisu kikiwa kimefungwa. Picha ya mgongo huonyesha mambo ambayo muuzaji hatayataja: springi iliyokatika, bati la ndani lililopinda, nyufa za mpini karibu na misumari.

Ukikishika mkononi, fungua ubapa taratibu. Unapaswa kukaza na kugota mwishoni, ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Ukicheza kushoto na kulia, msumari wa kiungio umelegea. Ncha ikichomoza juu ya mpini kisu kikiwa kimefungwa, mara nyingi ni kwa sababu ncha ilivunjika na mtu akainoa upya. Ubapa mwembamba kama sindano umenolewa miaka mingi. Kwa mkusanyaji wa visu hiyo ni kasoro kubwa. Kwa anayefuatilia historia ya mji si sababu ya kukiacha, mradi maandishi yanasomeka. Kisu kilicholika sana chenye jina la duka la kijijini kina thamani kubwa kwetu kuliko kizima chenye jina la kampuni iliyokuwa kila mahali.

Kuna vichache vinavyofunguka kwa kubonyeza kitufe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 ilizuia biashara ya visu vya namna hiyo kati ya majimbo, na majimbo yenyewe yana sheria zake. Angalia sheria ya mahali ulipo kabla ya kukiagiza.

Soma kabla ya kusafisha

Kosa linaloharibu visu vingi zaidi kuliko kutu ni kukimbilia kitambaa na dawa ya kung'arishia. Kwanza tambua maandishi yalitiwaje, maana kila namna ina udhaifu wake.

Maandishi yaliyochapwa juu ya mpini wa seluloidi ndiyo dhaifu kuliko yote. Wino unaweza kutoka kwa kusugua tu. Yaliyochongwa na kujazwa rangi hustahimili zaidi, lakini rangi hubanduka vipandevipande. Maandishi ya mwinuko kwenye mipini ya chuma hubaki hata rangi ikiisha, ila sehemu zilizoinuka hulika kwa kusuguana na sarafu mfukoni. Katika mipini ya uwazi, picha au karatasi iliwekwa chini ya seluloidi angavu. Novelty Cutlery na Canton Cutlery, zote za Canton, Ohio, zilijulikana kwa kazi hii, kama ilivyojulikana Aerial Cutlery ya Marinette, Wisconsin. Humo maandishi hayafutiki, lakini maji yakipenya kwenye nyufa karatasi hubadilika rangi na kufifia. Na usisahau ubapa wenyewe: mara nyingine tangazo lilichorwa kwa asidi kwenye chuma, kwa kina kidogo mno. Ukisugua ubapa kwa stilwaya, umelifuta milele.

Tazama pia kama kuna tundu dogo kama la sindano mpinini. Linaweza kuwa na lenzi ndogo yenye picha ndani yake, teknolojia ambayo Mfaransa René Dagron aliipatia hataza mwaka 1859. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia cha Anheuser-Busch huko St. Louis, aligawa visu vya aina hii. Ukichungulia kwenye mwanga unaona sura yake. Usichokonoe tundu hilo kwa kitu chochote.

Piga picha kabla ya kufanya lolote. Weka kisu mezani, zima taa ya juu, na mulika tochi kutoka pembeni karibu na usawa wa meza. Kivuli kitajaza herufi ambazo jicho halikuziona. Zungusha tochi na upige picha kutoka pande nne, kwa sababu mstari unaofuata mwelekeo wa mwanga haupati kivuli. Kwa maandishi ya mwinuko, weka karatasi nyembamba juu na upitishe penseli laini ikiwa imelazwa. Kwa wino uliofifia, piga picha kwenye skana kwa nukta 1200 kwa inchi, kisha tazama kila rangi peke yake kwenye programu ya picha. Mara nyingi wino mwekundu uliopotea huonekana vizuri kwenye sehemu ya rangi ya samawati.

Nakili maandishi kama yalivyo, mstari kwa mstari, pamoja na nukta, vifupisho na makosa ya tahajia. Usirekebishe chochote. Sababu utaiona tukifika kwenye tarehe.

Kusafisha, kwa kiasi

1. Ondoa vumbi na uchafu wa mfukoni ndani ya mpini kwa kijiti cha meno cha mbao na mswaki mkavu.
2. Tia tone moja la mafuta mepesi ya madini kwenye kila kiungio, fungua na kufunga mara kumi, kisha futa uchafu mweusi unaotoka. Rudia hadi mafuta yatoke safi.
3. Kutu nyekundu kwenye ubapa usio na maandishi: ipake mafuta, iache usiku kucha, kisha ikwangue kwa ukingo wa kipande cha shaba au kijiti kigumu cha mbao. Weusi wa kijivu uliotulia uache. Si kutu inayokula.
4. Mpini wa chuma futa kwa kitambaa laini kikavu. Mpini wa seluloidi futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, ukaushe papo hapo, na ujaribu kwanza pembeni mbali na maandishi.

Usitumbukize kisu ndani ya maji. Usiguse seluloidi kwa asetoni wala dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwani huiyeyusha; spiriti huilainisha na kuondoa wino. Mafuta ya kupuliza ya makopo nayo yana viyeyusho, yaepuke.

Seluloidi inahitaji maneno ya ziada. Plastiki hii ya nitrati ya selulosi na kafuri, iliyoanza kutengenezwa kibiashara Marekani karibu na mwaka 1870 kwa kazi ya John Wesley Hyatt, huchakaa kwa kutoa gesi zenye asidi. Dalili ni harufu kali, jasho juu ya mpini, nyufa ndogondogo kama za barafu, kutu ya kijani kwenye misumari ya shaba, na kutu ya ghafla kwenye ubapa upande unaogusana na mpini. Gesi hizo hushambulia pia kisu cha jirani. Ukiona dalili, kitenge siku hiyohiyo. Usikifungie kwenye mfuko wa plastiki au kisanduku kisichopitisha hewa, kwa sababu gesi ikinaswa huharakisha uozo. Kiweke mahali penye ubaridi na hewa inayopita, unyevu wa hewa ukiwa mdogo, kimefungwa kwa karatasi isiyo na asidi. Kisu kinachooza hakirudi nyuma, kwa hiyo picha zake ziwe za kwanza kupigwa.

Na jaribio la sindano ya moto, linaloshauriwa na wengi kutambua seluloidi, lisifanywe kabisa. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Sugua mpini kwa dole gumba mpaka upate joto, kisha unuse: harufu ya kafuri inatosha.

Kuipata tarehe kutoka pande mbili

Kisu cha matangazo kina mashahidi wawili wasiofahamiana: aliyekitengeneza na aliyekigawa. Kila mmoja ana mwanzo na mwisho wake. Tarehe ya kisu iko pale vipindi vyao vinapokutana.

Anza na mhuri wa shina. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia Marekani ziandikwe nchi zilikotoka, kuanzia 1891. Hivyo "Germany" au "England" kwenye shina humaanisha 1891 au baadaye. Visu vingi vya matangazo vilitoka Solingen, Ujerumani. Vita vya 1914 vilikata njia hiyo, na viwanda vya Marekani vikajaza pengo. "Occupied Japan" (Japani iliyokaliwa na majeshi ya washindi) ni kati ya 1945 na 1952. "West Germany" ni baada ya 1949. Remington ilitengeneza visu vya mfukoni kati ya 1920 na 1940. Schrade iliandika "Schrade Walden" kati ya 1946 na 1973. Case iliongeza "U.S.A." mwaka 1965, na mwaka 1970 ikaanza kupiga nukta 10 chini ya jina, ikipunguza moja kila mwaka.

Hapa kuna mtego. Jina la shinani si lazima liwe la fundi. Laweza kuwa la mwagizaji, kama Adolph Kastor & Bros. wa New York, au la kampuni ya zawadi za biashara, kama Brown & Bigelow wa St. Paul, Minnesota. Tazama upande wa pili wa shina, na shina la ubapa wa pili. Mara nyingi jina halisi limejificha huko.

Shahidi wa pili ni tangazo lenyewe, na mara nyingi husema zaidi:

Msimbo wa posta wa tarakimu 5 ulianza Julai 1963, na vifupisho vya majimbo vya herufi mbili kama OH na PA vikafuata mwaka huohuo. Kabla ya hapo utakuta "O.", "Penna.", "Ills.", "Ia." Namba ya tarakimu moja au mbili kati ya jina la mji na la jimbo, kwa mfano "St. Louis 3, Mo.", ni ya kati ya 1943 na 1963. Vifupisho vya zamani viliendelea kutumiwa na wazee baada ya 1963, kwa hiyo kukosekana kwa msimbo si ushahidi mzito. Kuwepo kwake ndiko kunakofunga mjadala.

"Both Phones" (simu zote mbili) ni maneno ya thamani kubwa. Hataza za Bell ziliisha 1893 na 1894, na kampuni huru za simu zikachipuka. Miji mingi ikawa na mitandao miwili isiyounganishwa, na mfanyabiashara akalazimika kulipia yote miwili. Maneno hayo huelekeza mwishoni mwa miaka ya 1890 na miongo miwili iliyofuata.

"Pittsburg", mji wa Pennsylvania, bila h mwishoni? Bodi ya serikali ya majina ya mahali iliiondoa h hiyo mwaka 1891 na kuirudisha 1911. Baadhi ya wenyeji walikataa kuiacha, basi h ikiwepo haithibitishi kitu, lakini isipokuwepo ni dokezo zuri. Hii ndiyo sababu hatusahihishi tahajia tunaponakili. "I.T." (Indian Territory) na "O.T." (Oklahoma Territory) ni maeneo yaliyokuwepo kabla ya Oklahoma kuwa jimbo mwaka 1907. Pombe ilipigwa marufuku nchini kote Januari 1920, kwa hiyo bia na wiski kwenye mpini huashiria kabla ya hapo au kuanzia 1933, bia hafifu iliporuhusiwa Aprili na pombe nyingine Desemba, ingawa majimbo kadhaa yalipiga marufuku pombe mapema kuliko taifa. Kiwanda cha bia kinachotangaza barafu au soda kwa jina lilelile ni cha katikati ya marufuku, na hicho ni kisu cha kukitafuta.

Kuufuatilia mji

Hakikisha kwanza mji ni upi, maana Springfield zipo katika majimbo mengi. Kisha nenda kwenye vitabu vya anwani za mji, vilivyochapishwa takriban kila mwaka kwa miji mikubwa na kwa kupishana miaka kwa midogo. Maktaba za miji na za vyuo zimeviweka vingi mtandaoni. Usivisome kimoja kimoja. Fungua vinavyoachana miaka mitano mpaka upate ambapo biashara ipo na ambapo haipo, kisha ziba pengo mwaka kwa mwaka. Kumbuka taarifa zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kuchapwa, basi ongeza mwaka mmoja wa tahadhari kila upande. Angalia mabadiliko ya jina: "& Son" kuongezeka, mshirika kuondoka, "Inc." kuingia. Jina likilingana neno kwa neno na mpini kwa miaka sita tu, umeshapunguza kazi nusu.

Ukiwa na anwani, fungua ramani za bima ya moto za Sanborn. Maktaba ya Bunge ya Marekani ina mkusanyiko mkubwa, nyingi zikiwa mtandaoni. Zinaonyesha kila jengo: waridi ni matofali, njano ni mbao, samawati ni mawe, pamoja na idadi ya ghorofa na kazi iliyofanyika ndani. Utajua kama "kiwanda" cha kwenye mpini kilikuwa banda la mbao nyuma ya stesheni.

Namba za nyumba hudanganya. Chicago ilibadilisha namba za mitaa yake mwaka 1909, na eneo la katikati ya jiji likafuata 1911. Anwani ya kisu cha kabla ya hapo itakupeleka jengo lisilohusika kabisa. Miji mingine ilifanya vivyo hivyo. Tafuta jedwali la ubadilishaji kabla ya kuamini ramani ya leo.

Magazeti yanafuata. Tovuti ya Chronicling America ya maktaba hiyohiyo hailipishwi. Programu zilizosoma kurasa hizo hukosea herufi, hivyo usitegemee jina pekee. Tafuta kaulimbiu iliyo kwenye mpini, namba ya simu, au jina la mtaa pamoja na aina ya biashara. Pitia hasa Desemba, wakati zawadi za wateja zilipogawiwa, na wiki za kufungua duka jipya. Ukiwa na bahati utakuta tangazo linalotaja kisu chenyewe.

Kwa mwenye biashara, tumia sensa ya shirikisho ya kila miaka 10, ambayo hufunguliwa baada ya miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Kazi ya mtu na waliokaa naye vimeandikwa, na kati ya 1880 na 1930 hata wazazi wake walikozaliwa. Karibu sensa yote ya 1890 ilipotea baada ya moto wa 1921, kwa hiyo kwa muongo huo rudi kwenye vitabu vya anwani. Hati za ardhi ziko mahakama ya kaunti, na usajili wa kampuni ofisi ya katibu wa jimbo. Mwisho, andikia chama cha historia cha mji au maktaba yake, ukiambatisha picha na swali moja tu lililo wazi. Ukiuliza "nipeni yote mliyo nayo" utasubiri, ukiuliza "duka hili lilifungwa mwaka gani?" utajibiwa.

Visu bandia

Vinavyoghushiwa zaidi ni vya majina makubwa: Coca-Cola, matrekta, pikipiki, bunduki. Duka la nafaka la mji wa watu mia nane halimlipi mghushi gharama zake. Kwenye jina kubwa, tazama picha kwa lenzi ya mara 10: nukta za printa ya kisasa hazifanani na uchapaji wa zamani. Misumari ya mpini inayong'aa kwenye bapa zilizochakaa inaonyesha mpini umebadilishwa. Kisha linganisha mashahidi wako wawili: kampuni iliyoanzishwa baada ya fundi kufunga kiwanda haikuweza kuagiza kwake.

Kadi ya kila kisu

Funga kisu kwa uzi wenye kikaratasi cha namba. Usiandike wala kubandika chochote juu yake. Kwenye kadi weka urefu kikiwa kimekunjwa kwa milimita, bapa ngapi, mihuri yote, maandishi mstari kwa mstari, mahali ulipokinunua na aliyekiuza alisema kilitoka wapi. Chini yake andika tarehe pamoja na sababu ya kila upande. Tuseme ni kisu cha muuza makaa ya mawe, shinani "Germany", mpinini "Both Phones" na "O." ya Ohio, na vitabu vya anwani vinaonyesha jina hilo na mtaa huo kuanzia toleo la 1905 hadi la 1911. Kadi isomeke: "1904–1912; Germany = 1891 na kuendelea; mtaa huu haupo toleo la 1904; toleo la 1912 lina jina la mwanawe." Asiyekubaliana nawe ataona mara moja ni kitabu gani akafungue.